Sahihi ya Chai na Mkate

Mtaa wa Kisimani,
S.L.P. 3107,
Kitale.

Jumapili, 6 Aprili 2025

Mpendwa mkwe wangu Nasimiyu,

Pokea salamu nyingi kutoka huku Kitale. Natumaini Mungu amewalinda nyote hapo Kanduyi, na kwamba goti lako limetulia tangu uache kulima ile sehemu ya mteremko. Kama bado unalima, shauri yako, mimi nilishasema. Binti yangu Beth ameniambia mumeo Walubengo alishikwa na malaria lakini sasa anakula vizuri, nikashukuru. Mimi ni mzima, isipokuwa presha iko juu kidogo, na barua hii itakueleza kwa nini.

Mvua imeanza wiki hii. Mahindi nimepanda, na kuku wako yule mwekundu ametotoa tisa.

Ningekupigia simu, lakini kwenye simu ungenicheka kabla sijamaliza, na haya nataka uyajue yote. Hillary wa hapa mtaani anapeleka vitunguu kesho soko la Chwele, huko upande wenu, nitampa barua akufikishie.

Unakikumbuka kisima kilicho chini ya nyumba yangu. Ulipokuja ulisema maji yake ni matamu kushinda ya mfereji. Mfereji wetu hutoa maji siku mbili kwa wiki, tena tukibahatika, kwa hivyo mtaa mzima tunakunywa pale. Sasa, gari la taka limekuwa likipita mlangoni kwetu kila Jumanne. Mwezi wa pili tukasikia ofisi ya usafi inataka kubadilisha mambo. Gari lisiingie tena mtaani, liwekwe kontena moja kubwa, na kila mtu abebe taka zake apeleke huko. Na kontena lenyewe ati likae kwenye kona ya juu, hatua chache tu kutoka kisimani. Anayejua mvua ya Kitale anajua uchafu huo utateremkia wapi.

Tuliitwa kutoa maoni, Alhamisi saa nne, katika ukumbi wa kanisa. Nilifika wa kwanza, unanijua. Mlangoni kulikuwa na karatasi ya mistari, kalamu imefungwa kwa uzi, na msichana mpole akaniambia niandike jina, namba ya kitambulisho na sahihi, halafu nichukue chai na mkate. Huku kwetu kila mkutano ni hivyo, usipoandika hupati chai. Nikaandika. Kichwa cha karatasi sikukiangalia hata.

Ukweli usemwe, mkutanoni tulizungumza. Mimi nilisimama mara mbili. Cheptoo jirani yangu, yule aliyekukaribisha mursik, yale maziwa lala ya kibuyu, ukasingizia tumbo, alisema wazi kwamba kontena halitakaa pale. Hakuna hata mtu mmoja aliyeunga mkono. Bwana Mbogo wa ofisi ya usafi aliitikia kwa kichwa, akaandika, akasema maoni yetu yamechukuliwa. Tulirudi nyumbani tukijua tumeshinda.

Baada ya wiki tatu ripoti ikabandikwa kwenye ubao wa matangazo. Ati wakazi arobaini na saba walihudhuria na kuukubali mpango wa kontena. Chini yake majina. La kwanza kabisa, Nyaruai Kang'ethe, na sahihi yangu na mkia wake ule mrefu. Kumbe ile karatasi ya chai ilikuwa imeandikwa juu, kwa Kiingereza na herufi ndogo, kwamba wanaotia sahihi hapa wamekubali.

Mkwe, niliona aibu ambayo sijaiona tangu nizaliwe. Mbogo alinikasirisha, lakini kilichoniumiza ni Cheptoo. Siku ya mkutano yeye alichelewa, akakuta chai imeisha, kwa hivyo hakuandika popote. Alichoona ubaoni ni jina langu. Jumatatu nilimkuta kisimani, nikamsalimia, akabeba mtungi wake akanipita. Tumechota maji pamoja miaka ishirini na miwili. Nilipomzika mume wangu Kang'ethe, ni yeye aliyenishika mkono kaburini.

Hapo ndipo nilipokukumbuka. Ile siku ya mazungumzo ya posa hapo kwenu, wazee wamemaliza, chakula kinapoa, na wewe ukasema hakuna atakayetia sahihi karatasi ya ng'ombe wa mahari mpaka isomwe kwa sauti mara mbili. Nilikuona una maringo. Nilimwambia Beth anaenda kuolewa katika boma la makarani. Imenichukua miaka sita kukuomba msamaha, na sasa naomba. Ile miaka yote uliyopiga chapa ofisini Bungoma hukupoteza wakati.

Nilienda kwa Mbogo nikamwambia afute jina langu. Akanijibu kwa upole wa kuudhi kwamba sahihi ni sahihi, Mama, na ripoti imeshapelekwa, labda nije mkutano wa pili wa kuthibitisha. Nikamwambia nitakuja, na sitakuja peke yangu. Wakituona wajinga kwa sababu tunapenda chai, basi wametukosea heshima, na mimi heshima yangu siiachi kwa mtu.

Nikanakili majina yote arobaini na saba, nikaanza kuzunguka nyumba kwa nyumba. Nilianza na mlango mgumu. Cheptoo alikuwa anachambua mboga za sukuma wiki, hakuniambia nikae. Nikamweleza nikiwa nimesimama, kwamba sikuuza kisima, nilitia sahihi ya chai.

"Na mkate?" akauliza.

"Na mkate."

"Si hata ulikuwa mkavu, nilisikia." Halafu akajifuta mikono, akachukua ile orodha yangu, akatangulia kwenda nyumba inayofuata. Siku nne tulitembea. Karibu kila mtu tuliyemfikia hakuwa amesoma kichwa cha karatasi, na kila mmoja alidhani ni yeye peke yake aliyekosea.

Mkutano wa pili ulikuwa Alhamisi iliyopita. Mlango ule ule, kalamu na uzi wake, birika la chai. Watu walijaa mpaka nje, na hakuna aliyeigusa kalamu. Nikamwomba yule msichana atusomee kichwa cha karatasi kwa sauti. Akasoma. Nikamwomba asome tena, kwa Kiswahili. Maneno yalikuwa yale yale. Ndipo nikachukua kalamu, nikaandika jina langu, na mbele yake kwa herufi kubwa: NIMEFIKA, NIMEKATAA. Cheptoo akafuata, akaandika hivyo hivyo. Mzee Kabiru, ambaye hajui kuandika, alisomewa kwanza, akanitaka nimwandikie, kisha akatia kidole mara mbili ili wasiseme wino haukushika. Mbogo akalalamika kwamba fomu haina nafasi ya maneno hayo. Cheptoo akamwambia aitafutie nafasi. Tuliandika wote, na chai hatukunywa.

Hata hivyo jana, Jumamosi, lori lilileta kontena. Hatukuwa tumemwamini Mbogo, kwa hivyo lilitukuta kwenye ile kona tumekalia ndoo zetu. Dereva alizima injini akatungoja tuondoke, na sisi tukamngoja yeye. Mwisho akawasha, akageuza, akaondoka na kontena lake. Sijidanganyi, najua atarudi. Tumepangana zamu, na kesho asubuhi ni mimi na Cheptoo. Sitaki shangazi zake Beth waniambie mambo ya umri na presha. Nikiondoka pale, ni baada ya kontena kupata mahali pengine na gari la Jumanne kurudi.

Nina ombi moja. Ndani ya bahasha utakuta barua ya pingamizi niliyoandika kwa mkono, na ile orodha. Nipigie chapa vizuri, kama unavyojua wewe, nakala tatu. Ukiona mahali nimetukana, punguza kidogo, lakini usipunguze yote. Mahali pa sahihi pawe wazi.

Nisalimie Walubengo, umwambie amalize dawa. Msalimie Beth, na umwambie yale maneno ya boma la makarani nimeyafuta. Wape salamu mama Rosaline wa hapo jirani, na wote wanaoniuliza. Mungu akutunzie goti na macho, maana kalamu yako bado tunaihitaji.

Barua hii nimemsomea Cheptoo kwa sauti, mara mbili. Amesema iko sawa. Sasa ndiyo natia sahihi.

Mimi mkwe wako akupendaye,

Nyaruai Kang'ethe