Nilimpa Nyemo Chaki

Nzuguni, Jumatano, mwezi wa saba

Upepo umevuma tangu asubuhi, vumbi limeingia mpaka kwenye sufuria ya wali. Nimefagia sebule mara mbili bila sababu ya maana. Ukweli ni kwamba sikutaka kukaa, maana nikikaa nitaanza kufikiri. Basi nimekaa.

Wanaosoma blogu hii wanajua nilivyojisifu hapa kuhusu mashindano yangu ya hesabu. Kidato cha kwanza walikuwa wanasinzia. Shule ya msingi walisoma hisabati kwa Kiswahili, huku sekondari ghafla kila kitu ni Kiingereza, na mimi nikiuliza swali najibiwa na kimya. Nikagawa darasa kwa mistari ya madawati. Nasoma swali, namtaja mmoja katika kila mstari, na mstari unaowahi kujibu unapata alama na makofi ya kilo. Darasa likachangamka mpaka mkuu wa shule akaja kuchungulia, akaleta na walimu wengine waone. Nilivimba kichwa, sikatai.

Halafu yupo Nyemo.

Nyemo anatokea Ihumwa. Ni mpole, na akiulizwa swali anakaa nalo kwanza. Zamu yake ikifika, mstari mzima unageuka kumtazama, na kabla hajafungua mdomo mstari mwingine umeshajibu. Wenzake wakaanza kumnunia. Mwishowe wakanifuata ofisini, kwa adabu zote, kuomba ahamishwe kwa sababu anawaangusha. Nilipaswa kuwakemea pale pale. Badala yake nikajiona nina akili sana: nikampa Nyemo chaki, nikamwambia awe anaandika alama ubaoni.

Kila mtu akafurahi. Yeye pia, au ndivyo nilivyotaka kuona. Hakukosea jumla hata siku moja, na mimi nikawa namsifia mwandiko.

Mwandiko, jamani.

Leo nimetoa jaribio la namba hasi. Nimekusanya karatasi, ya Nyemo ina jina tu. Nikadhani amenigomea, hasira zikanipanda. Baada ya vipindi nikamwita nje ya ofisi, nikamuuliza kwa ukali kwa nini hajajibu hata swali moja.

Aliniangalia kama mtu anayehisi anategwa.

"Madam, mimi si ni wa kuandika alama?"

Hakusema kwa ujeuri. Aliamini hivyo kweli. Wenzake wakikokotoa, yeye anasubiri mbele na chaki, na mimi tangu nimpe kazi ile sikuwahi kumuuliza swali. Alichokielewa ndicho nilichomwonyesha kila kipindi, kwamba hesabu ni za wale na yeye ana kazi yake nyingine.

Nikamwambia harakaharaka kuwa kesho anarudi kwenye mstari wake. Nilitegemea atatabasamu. Akainamisha kichwa, akawa anachokonoa pindo la sketi.

"Naomba niendelee tu na alama, Madam. Pale mbele hawaninunii."

Nikamruhusu aende nyumbani.

Nilipowasimulia walimu wenzangu, wakasema nisijitese, mbona darasa zima sasa linapenda hesabu. Nimelifikiria hilo njia nzima. Sidhani kama wanapenda hesabu. Wanapenda kuwahi. Nimewafundisha kwamba anayefikiri polepole ni mzigo, na hilo wamelishika vizuri kuliko namba hasi.

Inaniuma, na inaniuma zaidi kwa sababu nilifanya nikiwa na nia njema na tabasamu usoni.

Kesho hakuna mashindano. Watanuna, na mkuu akichungulia atakuta darasa limepoa, potelea mbali. Nitatoa swali moja, kila mtu alifanye kwenye daftari lake, na mimi nitakaa dawati moja na Nyemo mpaka amalize, hata kengele ikigongwa. Na wale walionifuata ofisini nitawaambia kwamba kosa lilikuwa langu kabla halijawa lao.

Ninachoogopa ni kimoja. Naogopa ataingia darasani, atanipa shikamoo yake, atapita dawati lake bila kuliangalia, na kwenda moja kwa moja ubaoni kusimama anisubiri.