Asali ya Darini na Bega la Babu Yako

Ipuli, Tabora,
Jumapili, tarehe 16 Oktoba 1938.

Mpendwa mjukuu wangu Veneranda, mke mwenzangu mdogo,

Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo yako ya mwezi wa nane niliipokea, nami naitikia, marahaba sana. U hali gani huko Kigoma? Mumeo hajambo na kazi yake ya reli? Na Leonia ameota meno mangapi? Umeniletea barua mbili nzima za ziwa na samaki, wala husemi kama mtoto ameota meno au hajaota. Habari za mtoto ni kwanza, za samaki baadaye.

Sisi huku tu wazima. Joto limetukalia, mvua bado, kisima kimeshuka mpaka tunateka tope. Naandika kwa mkono wangu mwenyewe, herufi zile zile nilizofundishwa wakati wa kujiandaa kwa ubatizo, kwa hiyo zikienda upande usicheke. Sikutaka baba yako aniandikie. Baba yako hasemi nami.

Sasa kaa chini kabla hujaendelea. Mama yako hayupo hapa. Yuko kwao Lusu, huko Nzega, wiki ya tatu leo. Nimemfukuza mimi, kwa ajili ya asali, na asali hakuila yeye.

Unavijua vile vibuyu viwili vya asali ya Usinge, nilivyoviweka darini nikasema ni vya Noeli. Mwezi wa tisa nilishusha kimoja nikakuta kimefika nusu. Veneranda, nusu! Nikauliza nyumba nzima, kila mtu akaapa. Basi nikahesabu nani anaweza kufika kule bila kigoda. Mimi ni mfupi. Tobias, baba yako, asali humwasha koo tangu utotoni. Babu yako mkono wa kushoto haujapita kifua miaka kumi na miwili, na wa kulia umeshika fimbo, akiiachia anaanguka. Aliyebaki ni mama yako Imakulata, mrefu kama mlingoti.

Nikamwambia uani, jirani zetu wakisikia, kwamba mkazamwana anayeiba asali ya mkwewe kesho ataiba na mlango. Mama yako aliingia ndani. Alifunga nguo zake, akaondoka na lori la Mwarabu liendalo Nzega. Babu yako hakuwapo, alikuwa Choma kuzika. Aliporudi nikamwambia Imakulata amekwenda kumtazama mama yake mgonjwa. Ndiyo, nilisema uongo. Nimekwisha ungama, usinifundishe.

Alhamisi iliyopita nilikwenda misa ya asubuhi, padri akawa amekwenda safari vijijini, tukasali rozari tukatawanyika mapema. Nikaingia ndani bila kubisha, kwani ni nyumba yangu. Nikaona nini? Babu yako amesimama chini ya dari, fimbo mkono wa kulia, na mkono wa kushoto uko juu! Juu, Veneranda, umenyooka mpaka kwenye kwapa, na vidole viwili vimo ndani ya kibuyu.

Mayo we! Rozari ilinianguka. Nilidhani amekufa na ninaona kivuli chake, maana mkono ule niliujua umekufa.

Hata aibu hakuona. Akailamba ile asali kwanza, ndipo akasema, “Nanyosha bega, Getruda.”

Nikasema, “Bega gani? Wewe una bega?”

“Ninalo tangu mwezi wa saba. Mke wangu mdogo amenirudishia.”

Mke wake mdogo ni wewe, mwana mwovu!

Akanieleza yote. Kumbe wiki zile tatu ulizokaa hapa, mimi nikienda sokoni wewe unamlaza mkekani unamkanda kwa siri. Wala si bega. Nyonga! Unaweka mkono na mafuta ya karanga, unatulia, unangoja, hata mtu apitaye akadhani umesinzia. Kisha ukampa dawa ya kila asubuhi: anyoshe mkono polepole kufuata kitu akitamanicho, leo kidogo, kesho zaidi kidogo, asivute kwa nguvu, na akifika ajilipe. Ukamwachia achague kitu. Akachagua asali yangu! Umemfundisha mzee wa watu wizi ukauita tiba.

Unakumbuka tulivyogombana siku ile ya kuchuna mbuzi. Uliushika ule utando mweupe ulio kati ya ngozi na nyama, ukauvuta pajani, na begani pakatikisika. Ukasema mbele ya watu, Bibi, hata sisi tumefungwa hivi hivi, bega la babu linavutwa na nyonga, unamkanda pasipo na kosa. Nikakwambia babu yako si mbuzi. Miaka arobaini nawakanda watu, wa misheni na Waislamu wa mjini, wapagazi waliopinda kama upinde wamenyooka mikononi mwangu, na wewe unaniletea habari za Swaumu wa Ujiji aliyekukanda ulipojifungua! Nikakufukuza uani na utumbo ukiwa bado mkononi mwako.

Kumbe babu yako alikuelewa pale pale. Ananiambia mzigo wa nguo waliofunga wapagazi ulikuwa hivyo, kamba ikikazwa mno chini, juu panabonyea, na anayepigapiga juu anajichosha bure. Amebeba pembe za ndovu begani miaka sita mpaka pwani, akiegemea nyonga moja. Asinijulishe habari hiyo miaka yote!

Lakini si hilo lililonikalisha chini. Nikamwuliza, “Kama umepona tangu mwezi wa saba, mbona kila Jumamosi unalala nikukande?” Unajua mimi hukanda kwa kiwiko, na palipokaidi kwa mchi mdogo. Nilikuwa nikisema kukanda bila kulia si kukanda. Naye kila Jumamosi alilia.

Akasema, “Ningekuambiaje? Mji mzima unakuita fundi. Nilione jina lako likishindwa na mtoto wa juzi? Afadhali mchi.”

Miezi mitatu, Veneranda. Amevumilia mchi akiwa mzima, ili mimi nisione haya. Sijui nimpige au nimfanyeje. Nilikaa sakafuni mpaka jua likaingia mlangoni.

Ndipo nikamweleza habari za Imakulata. Ukaja mshtuko wake sasa. Alinitazama kama mtu asiyenijua. “Umemfukuza mkwe wangu kwa vidole vyangu?” Hakula mchana wala jioni. Tobias alipojua mkewe hakuiba alitoka nje, na mpaka leo anasema na kuku tu.

Mama yako ameleta neno kutoka Lusu. Harudi mpaka niende mwenyewe, nitamke mbele ya baba yake kwamba yeye si mwizi. Mimi! Watu ndio hunijia mimi, wakichechemea. Sijapata kwenda kwa mtu kumwomba radhi, mdomo wangu umekakamaa kuliko bega la babu yako.

Lakini nitakwenda. Lori linaondoka Jumatano, tarehe 26. Babu yako anakuja nami, naye ameapa kibuyu kile kilichobaki nusu atakibeba yeye, begani, bega la kushoto, ili wakwe zetu waone kwa macho yao mwizi ni nani. Akikataa kusema yeye, nitasema mimi. Nimekariri maneno, ni machache: Imakulata, nilikosa, si wewe. Nikiyasema hapa peke yangu yanatoka. Huko sijui.

Jana Jumamosi mchi niliuacha jikoni. Nilimwekea babu yako mkono nyongani kama ulivyofanya, nikatulia, nikasali Salamu Maria tatu bila kusukuma. Mara ya kwanza, hakuna. Mara ya pili, hakuna, nikataka kutumia kiwiko. Mara ya tatu nyama ikafunguka chini ya kiganja changu kama nta juani. Nilishtuka nikaondoa mkono. Miaka arobaini nimegombana na kitu kilichotaka kungojewa tu.

Nawe usijione. Usimbebe Leonia ubavu mmoja siku zote, utapinda kama babu yako. Badilisha. Kunywa maji, usikae kitako kutwa ukishona. Na mwulize Swaumu, nyama ikikataa kulegea hata kwa Salamu Maria kumi, mkandaji afanyeje? Jibu upesi, nalihitaji Lusu pia.

Msalimu mumeo, mbusu Leonia kwenye ufizi, na huyo Swaumu mpe salamu za fundi wa Ipuli. Babu yako anakusalimu akiinua mkono, nami namwona. Mungu awalinde na homa, Bikira Maria awafunike.

Mimi bibi yako akupendaye, hata ukinitia aibu,

Getruda

Kibuyu cha pili nimekipandisha boriti ya juu zaidi. Mama yako akirudi amshushie babu yako. Mpaka hapo mzee ajinyoshe.