Korido Yenye Kona

Jumanne, 6 Julai 1993
Mke wangu Zuhura amekufa Jumamosi. Homa siku nne, basi. Tumemzika siku hiyohiyo alasiri.
Leo tumeanua tanga. Nimefagia uwanja. Nimerudisha masufuria ya majirani.
Jeneza halikupita kwenye korido. Nyumba hii ya hapa Temeke nimejenga mwenyewe. Korido nyembamba, ina kona. Wakamwinamisha mke wangu, kichwa juu miguu chini. Mie nilishika mbele. Nilisikia alivyoteleza mle ndani ya jeneza.

Jumatano, 7 Julai
Tegeta. Tumechimba msingi mpaka saa nne. Mie kibarua tu, nachimba, nabeba zege. Mwenye nyumba, Bwana Temu, akaja na mama yake. Rashidi mchoraji kaleta picha kubwa ya rangi, nyumba itakavyokuwa ndani ikiisha. Sebule, makochi, korido ya kwenda vyumbani. Hata maua kachora. Wiki tatu kaikalia akiichora.
Bwana Temu akacheka. "Haya wachimba mitaro, toeni maoni. Siku hizi vyama vingi, msije mkasema nimewanyima."
Wenzangu wakasifu. Mie nikaona korido. Nyembamba, ina kona. Nikasema, "Hapo maiti haipiti."
Bibi akashika kifua. "Mwanangu hajahamia, huyu ameshatutolea maiti!"
Bwana Temu akamrudishia Rashidi picha yake bila kuitazama tena. Mie akaniambia nichukue koleo langu niende.

Alhamisi, 8 Julai
Nimelala tu.

Ijumaa, 9 Julai
Nimetoka kuswali, msimamizi wetu Mzee Chande kanikamata njiani. Kumbe Rashidi naye kaharibikiwa. Bwana Temu anasema picha ile mkosi. Rashidi kapewa mpaka Jumatatu alete nyingine, la sivyo anatafutwa mchoraji mwingine.
"Ungesema kabati, mjinga wewe," Mzee Chande kaniambia. "Kabati halipiti, kitanda hakipiti. Nani angekasirika?"
Kweli. Ningesema kabati.
Najuta. Sikusema uongo, lakini sikusema kwa faida ya nyumba ile. Ulikuwa uchungu wangu. Rashidi hakunikosea kitu.
Na Zuhura aliniambia. Wakati tunajenga alisimama pale penye kona, ndoo kichwani. Akasema mume wangu, hapa pananibana. Nikamwambia kapike, ujenzi unaujua wewe? Kumbe alikuwa anaujua. Miaka tisa alikuwa anapitaga pale ubavuubavu. Hakusema tena. Mie ndiye niliyemnyamazisha.

Jumapili, 11 Julai
Rashidi kaja nyumbani. Nilidhani kaja kugombana. Kaja na picha mpya, kaishika kwa ncha za vidole, rangi bado mbichi.
"Shikamoo kaka. Nataka uitazame wewe kwanza. Ila usinizike."
Nikamwomba msamaha. Akasema yaishe.
Nikatazama, sikukimbilia kusema. Nikamwambia mwanga wa dirishani umekaa vizuri, mtu anajua kabisa ni asubuhi. Korido umeinyoosha, hapo sawa. Ila mlango wa chumba cha mwisho unafungukia kwenye korido. Ukiwa wazi, mwenye mzigo hapiti. Ugeuze ufungukie chumbani.
Akaitazama muda mrefu. Akasema, "Hilo sikuliona." Akakaa mkekani, akatoa brashi, akarekebisha palepale.
Halafu akaniambia jana alikwenda kwa Bwana Temu. Kamweleza kwamba nimefiwa. Bwana Temu kakubali nirudi, ila nisimsogelee mama yake. Sikumtuma Rashidi. Mtu niliyemharibia, kwenda kuniombea.
Nikamchemshia chai. Nikasahau sukari. Akainywa hivyohivyo.
Picha anaipeleka Tegeta asubuhi. Sijui wataichukua au hawaichukui. Nikiulizwa nitaanza na lile dirisha.
Kesho narudi kazini.