Saa Waliyoikuta Mkononi Mwako

Baba Rukia, mume wangu,

Assalamu alaykum. Sijawahi kuanza kusema na wewe bila salamu, hata zile siku tulizonuniana tukalala kila mtu na ukuta wake, na sitaanza leo kwa sababu uko kaburini. Barua hii siifungi. Nikimaliza nitaipiga picha niitupe kwenye grupu la WhatsApp la ploti yetu, wasome wapangaji wote wa hapa Tassia waliokuwa wakinyamaza ghafla nikipita kwenye ngazi. Halafu nitaibeba mpaka Shauri Moyo nimsomee mama yako kwa mdomo wangu, maana macho yake siku hizi hayamsaidii. Wamesema mengi juu yako. Sasa na mimi nina langu.

Wanasema ulikufa kwa ajili ya gari. Wanasema ungewapa wale wezi funguo, leo ungekuwa hapa unakunywa chai. Hawasemi kwa ubaya wote, wengine wanasema huku wanalia, lakini wanasema.

Wewe na funguo! Unakumbuka lile rundo lako, enzi za ile teksi nyeupe ya petroli? Ya gari, ya mlango, ya kufuli la geti, na moja kubwa yenye kutu ambayo hatukuwahi kujua inafungua nini na ukakataa kuitupa. Ukifika ghorofa ya pili nilikuwa nazisikia, nikawasha jiko. Asubuhi ilikuwa vita. "Mama Rukia, umeona funguo?" Nikazikuta ndani ya kiatu chako cha msikitini, au juu ya friji, au siku moja ndani ya sufuria ya mchele, na hadi leo hujanieleza zilifikaje huko.

Na unakumbuka siku walipokupora ile nyeupe, mwaka tuliohama kwa mama yako? Ulikuja kwa miguu, umepita katikati ya soko la Gikomba na matope mpaka magotini. Nikakuuliza, "Gari liko wapi?" Ukasema, "Wamechukua." Nikasema, "Wamechukua vipi, na wewe uko wapi?" Ukacheka. "Mimi niko hapa, huoni?" Kisha ukakaa kitandani na matope yako yote, ukanivuta kwa kanga nikae karibu nawe. Vijana wa stejini, madereva wenzako, walikucheka wiki nzima, eti wewe mwanamume gani unatoa funguo kama unayetoa pole. Uliwajibu mbele yangu: "Gari lina bima. Mimi sina. Ukiambiwa toa, toa, na usiulize mtu jina." Tangu hapo kila dereva mgeni ulimpa somo hilo kabla hajajua hata pa kuegesha.

Ndipo likaja hili gari la umeme. Mwenye gari alikuchagua wewe kati ya madereva wote kwa sababu huna haraka, na ulivimba kichwa, usikatae. Gari halina sauti. Watoto wa mtaa wa Pipeline walikuwa wanacheza mpira mbele yako na hawageuki mpaka upige honi. Na likaja na ile saa ya mpira mweusi. Siku ya kwanza ulituita wote tutoke kwenye balkoni, ploti nzima, ukasimama chini kama mwanasiasa, ukagusisha mkono kwenye mlango, taa zikawaka na vioo vikajifungua vyenyewe. Rukia alipiga makofi mpaka jirani akacheka. Ukaniinulia mkono ule juu. "Mama Rukia, umemaliza kazi ya kutafuta funguo! Sasa funguo ni mimi!" Nikakujibu, "Haya, bwana funguo, pitia dukani ulete unga."

Nilikuonea wivu na ile saa, nikwambie ukweli. Ukikaa sana ilikutetemesha mkono, inakwambia uinuke utembee. Na unainuka! Mimi nikikuambia inuka ukanunue makaa, mgongo unauma. Ulinieleza pia inavyojilinda, ukijisifu kama uliitengeneza wewe. Ikiwa mkononi mwako, inakujua. Ukiivua tu, inajifunga, na haifunguki mpaka iwekwe namba zako za siri. "Hata mwizi akiichukua haimsaidii kitu," ulisema. Nikasema mashallah. Sikuona ubaya wowote.

Asubuhi ile ulisali alfajiri, ukala kiazi kimoja umesimama, ukasema unampeleka Mutiso machinjioni kuchukua nyama ya bucha yake pale soko la Burma. Mteja wako wa kila siku. Saa nne simu yako haikupokelewa. Adhuhuri Mutiso alituambia kwa simu kwamba ulimfikisha salama, ukaondoka mzima. Kesho yake lile gari lilikutwa kando ya barabara halina hata tairi moja. Na wewe ulikutwa nyuma ya machimbo ya mawe, una risasi mbili kifuani.

Hamisi ndugu yako ndiye aliyekuosha. Alirudi akaniletea saa imefungwa kwenye leso, akanipa bila kunitazama. "Shemeji, alikuwa nayo mkononi," akasema. Basi. Maneno hayo tu. Kabla hujafika makaburini yalikuwa yameshafika kwenye kila mlango.

Kwani wewe ungefikiri nini? Mtu ameporwa gari, na funguo bado anazo mkononi. Mtoto mdogo angesema alikataa kuzitoa. Nilikaa eda humu ndani, siendi popote, na wanawake walikuja na sukari na maneno. "Wanaume ni wabishi, mwenzangu." "Si angewapa tu?" Mama yako alikaa hapo kwenye mkeka, akajipiga kifua: "Mwanangu alipenda mali ya watu kuliko roho yake! Nimezaa mjinga!" Rukia alikuwa jikoni anaosha vikombe. Nilisikia maji yamenyamaza.

Jioni hiyo aliniuliza. "Mama, Baba alikataa kutoa saa?" Nikamwambia sijui. Ni kweli sikujua. Lakini mtoto wa miaka minane akiambiwa sijui, anachukua jibu la nyanya yake. Hakulia tena. Aliacha kukutaja. Wiki kadhaa baadaye ustadhi wa madrasa alinipigia, mpole yule, akasema watoto wakiombea wazazi wao waliotangulia, Rukia anafunga mdomo na kuangalia dirishani. Amemuuliza kwa nini, akasema, "Yeye alichagua gari."

Hapo nilikuchukia, Idi. Nakuita kwa jina lako kwa sababu ndivyo nilivyokuita siku zile, nikipiga deki, nikifua, nikisonga ugali. Saa! Saa ya mpira! Wewe uliyewafundisha wenzako kutoa, ulishindwaje siku yako? Niligombana na wewe kila siku kama uko chumba cha pili. Na nakwambia, ile hasira ilinibeba. Asubuhi ndiyo iliyonitoa kitandani.

Eda ilipokwisha, Mutiso alibisha hodi. Alikuja na mkewe na nyama imefungwa kwenye gazeti. Alikaa kwenye ncha ya kiti. Amekonda yule mtu, hata shati linampwaya. Mkewe akamwambia, "Sema. Si umesema utasema?"

"Mama Rukia," akasema, "mimi siku ile nilikuwa ndani ya gari."

Nikamwambia, "Ulisema alikufikisha."

"Nilidanganya."

Nayaandika aliyonieleza kama alivyoyasema, ili kila mtu ayasome. Walikuwa vijana watatu. Waliwakatia njia kwa pikipiki kabla hamjaingia barabara kubwa. Mmoja alimwangalia Mutiso akasema, "Mzee wa bucha, shuka, lala chini." Mwingine akakuwekea bastola shingoni. "Leta funguo, buda!"

"Hakungoja hata amalize," Mutiso aliniambia. "Alivua saa hapo hapo. Akamnyooshea. Akasema, 'Funguo ni hii, kijana, chukua, gari ni lenu.' Akashuka akalala kando yangu. Nilikuwa nasikia pumzi yake."

Nilimzuia. Nikamwambia rudia hapo. Akarudia. Nikamwambia rudia tena, mkewe akaanza kulia.

Wale vijana walifikiri unawafanyia mzaha. "Huyu anatubeba ufala! Saa ya nini?" Ukawaeleza, uso uko kwenye vumbi, kwamba inavaliwa, kisha inawekwa namba. Mmoja akaivaa. Ukamtajia namba zako kwa sauti, moja moja, mpaka Mutiso naye akazisikia. Lakini kijana alikuwa na haraka na vidole vyake vinaruka ruka. Akakosea. Akakosea tena na tena. Saa ikamwambia angoje. Eti dakika moja tu ajaribu upya! Na gari limegoma, linasema halioni funguo. Ndipo lori likasikika kwa mbali linakuja, na yule mwenye bastola akasema, "Hatuna dakika za kukosea tena. Avae yeye, mbebeni."

Walikuinua kwa kola ya shati. Wakakufunga ile saa mkononi wenyewe. Mutiso anasema ulisema, "Ndugu zangu, namba nimewapa, nina mtoto." Mmoja akajibu, "Kila mtu ana mtoto." Ile dakika ilipokwisha ukaweka namba kwa mkono wako, gari likawaka, wakakusukuma kiti cha nyuma.

"Likaondoka bila sauti," Mutiso alisema. "Mimi bado nimelala, nangoja lingurume. Sikujua limeenda mpaka nilipoinua kichwa."

Nilimuuliza kwa nini alinyamaza miezi yote hiyo. Akasema, "Waliniita mzee wa bucha. Wananijua, Mama Rukia. Wanajua ninapofungua asubuhi, wanajua wanangu." Nilitaka kumfukuza. Nilitaka kumrushia ile nyama usoni. Nikamtazama mkewe, nikajua kwamba ningekuwa yeye ningekuzuia na wewe usiseme. Nikawachemshia chai. Keshoye alikwenda kituo cha polisi akaandikisha yote, akafunga bucha, akahamia kwao Kitui na familia. Jina lake nimelitaja kwa ruhusa yake. Alisema, "Liandike. Nimechoka kulificha."

Basi jirani zangu, mmesoma? Ile saa hakuing'ang'ania. Waliompora ndio waliomvalisha. Alitoa kabla hajaombwa mara ya pili, akatoa na namba, akalala chini kama alivyowafundisha wenzake. Alifanya kila kitu sawasawa. Na wewe, Mama yangu wa Shauri Moyo, nikikusomea hapa nitakushika mkono. Hukuzaa mjinga.

Nilidhani nikijua ukweli nitapumua. Wapi! Wakati ulipokuwa na makosa nilikuwa na mtu wa kugombana naye. Sasa huna kosa hata moja, na asubuhi naamka sina hata hasira ya kunivusha mpaka bafuni. Nakukosa tu. Nakukosa vibaya, Baba Rukia, na hakuna wa kulaumu humu ndani, na wale watatu hakuna aliyewaona mpaka leo.

Jana nilimketisha Rukia chini katikati ya magoti yangu nimsuke, maana ningemwangalia usoni nisingeweza kusema. Nikamwambia, "Baba hakukataa. Aliivua saa akawapa. Akawapa na namba zake."

Akasema, "Aliwapa kila kitu?"

"Kila kitu, mama."

"Alisema ana mtoto?"

"Alisema."

Nilihisi mabega yake yanashuka. Nikamshukuru Mungu, nikasema angalau huyu nimemrudishia baba yake. Akalia, akalia sana, kile kilio alichokunyima tangu nyanya yake aseme yale maneno. Nikamwacha alie. Alipomaliza alijifuta kwa kanga yangu, akageuka akaniangalia na kichwa chake nusu kimesukwa.

"Mama," akasema, "sasa kama aliwapa kila kitu, mbona hawakumwacha?"

Nilishika kitana. Nikamgeuza kichwa taratibu, nikaendelea kusuka.

Hukukataa, mume wangu. Lala ukijua kwamba tunajua.

Mkeo,
Mama Rukia