Kivinjari cha Ababa na Tarehe ya Tiketi Yako

Nyuma ya Kanisa la Mikaeli,
Asella.
12 Hidar 2017
(huko kwenu 21 Novemba 2024)

Mpendwa Mama Mdogo Aselefech,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na goti lililokuwa likikusumbua kwenye ngazi za kazini limetulia. Je, theluji imeshaanza huko Winnipeg? Sisi hatujambo. Mama kikohozi kimemwacha. Ababa naye hajambo, ila masikio yamegoma kabisa. Ukitaka akuelewe ni lazima usimame mbele yake atazame midomo yako.

Leo ni Mikaeli wa Hidar, siku ya moshi wa kufukuza magonjwa. Tangu alfajiri mtaa mzima unachoma takataka, na harufu ya majani makavu ya mkalitusi imeingia hadi kwenye karatasi hii. Inuse kabla hujaendelea kusoma. Nimekumbuka ulivyokuwa ukinifunga shuka lako la gabi puani siku kama ya leo, ukisema magonjwa yanatokea mlango huu na sisi tunaingilia ule. Gabi lile ninalo. Limepauka, lakini ukilikunja vizuri haionekani.

Nakuandikia kwa mkono kwa sababu kwa simu nisingeweza. Unanijua nilivyo. Nina jambo la kuungama, na karatasi hainitazami usoni.

Umemuuliza mama mara tatu kama Ababa, baba yenu, amekukasirikia. Mlipoonana mara ya mwisho kwenye kompyuta, mwezi wa Nehase, Agosti ya kwenu, ulimwambia hutaweza kuja Pasaka, na tangu siku ile hujamwona tena. Mama akakujibu kwamba kompyuta ni mbovu. Najua hukuamini, ningekuwa wewe nami nisingeamini. Na simu ya mama ya vitufe haionyeshi uso, kwa hiyo Ababa haimsaidii. Lakini Ababa hajakasirika, wala kompyuta si mbovu. Kosa ni langu.

Lilianza hivi. Mwishoni mwa Nehase, ule ukurasa mnaoonania ulikikataa kivinjari chetu, kile kile ulichokiweka kwa mkono wako kabla ya kusafiri. Ukurasa ukaandika kwamba kimezeeka. Ababa akasema, "Hata mimi nimezeeka, mbona kanisani nafunguliwa mlango?" Ikabidi nitafute kipya. Mwaka wetu mpya wa Septemba ulipopita na shule kufunguliwa, nikaleta vitatu kwenye flashi, nikachora mistari kwenye daftari: kasi, usalama, urahisi. Wewe ndiye uliyenifundisha kutonunua hata penseli bila kuijaribu kwanza mgongoni mwa kiganja.

Kasi nilipima kwa kolo. Nilihesabu punje za shayiri alizotafuna Ababa tangu nibofye hadi dirisha lifunguke. Cha kwanza punje sita. Cha pili kumi na moja. Cha tatu alimaliza konzi nzima akanyoosha mkono kuomba nyingine. Kwenye urahisi nilimwachia yeye aamue, maana kidole chake ndicho kigumu. Cha pili alikikataa papo hapo kwa sababu vitufe vyake vinajificha. "Huyu ananificha mlango. Mwenye nyumba gani huyu?" Cha kwanza kilikuwa na herufi zetu kubwa, na kila kitu kilikaa mahali pake. Akasema, "Huyu ana adabu."

Kwenye usalama vyote vitatu nilivipa sifuri. Kila kimoja kilipofika kwenye ukurasa wenu kilitandaza onyo jekundu kwamba si salama kuendelea, na hakikuacha hata upenyo. Nikaandika HAVIFAI kwa wino mwekundu. Ababa akanipigapiga begani. "Basi, mwanangu. Hawa vijana wa siku hizi waoga."

Siku chache baadaye, mwanzoni mwa Tikimt, Oktoba ya kwenu, nilirudi kusoma maneno madogo yaliyo chini ya lile onyo. Kiingereza changu cha shule kilinitosha. Yalisema saa yetu iko nyuma. Nikatazama pembe ya skrini: 2017.

Mama Mdogo, ni mimi. Siku ya mwaka mpya Ababa aliona kompyuta inaandika 2024, akaniuliza tarehe inabadilishwaje, nikamwonyesha. Akaingiza kwa kidole chake, siku ya kwanza, mwezi wa kwanza, 2017, akaegemea kiti kama mtu aliyemaliza kupanda mche.

Kumbe kila ukurasa huja na karatasi yake iliyogongwa mhuri kwa mwaka wenu, na kivinjari huisoma kama mlinzi wa geti. Kompyuta yetu, ambayo haijui kuhesabu kama sisi, iliamini iko Januari 2017 ya kwenu, ikahesabu kutoka hapo. Ikiletewa karatasi ya 2024 inasema hii bado haijaandikwa, rudi. Vile nilivyovipa sifuri vilikuwa vinafanya kazi yake barabara. Nimefuta sifuri zote. Kile chenye adabu nimekipa tisa.

Lakini niliyajua haya tangu Tikimt, nikanyamaza zaidi ya wiki tano. Ningemwambiaje Ababa mwaka umekosewa, mtu ambaye mapadri humtumia mjumbe kumuuliza mfungo unaanza lini? Hiyo ni sababu ya kwanza. Ya pili ni mbaya zaidi. Nilipumua. Jumapili zilikuwa zinapita bila mtu kunisukuma mbele ya kamera nikusalimie huku maneno yamekauka. Zile Jumapili ulipoambiwa nimekwenda kuchota maji, unadhani nilikwenda? Nilikuwa bandani kwa kuku.

Halafu Jumapili zikawa tupu, na banda halikuwa na raha tena. Ababa hakuacha kupunguza ndevu zake kila Jumamosi. Hakusema ni kwa ajili ya nani.

Leo asubuhi alikuwa akimwaga droo yake, kutafuta karatasi za kuchoma. Akaniita.

"We Soliyana, hii inasema nini?"

"Nakala ya tiketi ya Mama Mdogo, Ababa. Tarehe ishirini na nne Machi, 2017."

"Ya kwao hiyo. Kwetu ilikuwa kumi na tano Megabit, 2009." Hakuhitaji kufikiri. Kisha akaitazama pembe ya skrini, akairudia tiketi. "Mbona hii nayo inasema 2017?"

Nikaanza kueleza, gabi likiwa puani kwa ajili ya moshi. Akanikatiza. "Toa shuka mdomoni. Sikuoni."

Nikalitoa, nikamwambia yote, pamoja na banda la kuku.

"Tangu Tikimt unajua?"

"Ndiyo, Ababa."

"Na mimi napunguza ndevu kila Jumamosi. Kwa ajili ya kuku." Akatikisa kichwa. "Saa iliyo nyumbani mwangu inamhusu nini mtu wa Winnipeg?"

"Kompyuta si kama saa ya ukutani. Yenyewe inatoka nje."

"Basi ikitoka nje ivae nguo za nje."

Nikashika kipanya nirekebishe. Akaniwekea mkono juu ya mkono. "Ngoja. Leo humo ndani ni lini?"

"Kumi na tatu Machi, 2017."

Akahesabu kwa pingili za vidole, kama anavyohesabu siku za mfungo. "Kwa hiyo humu bado yupo. Yuko jikoni anakaanga shayiri." Akaiweka tiketi kando, mbali na za kuchomwa. "Mwache akae siku hizi chache. Lakini isifike tarehe ya tiketi. Sitaki aondoke mara mbili."

Kwa hiyo tumepanga hivi. Jumapili ya tarehe 22 Hidar, yaani Desemba mosi ya kwenu, kompyuta itakuwa imefika 23 Machi, kesho yake ungepanda ndege. Saa kumi na moja jioni, kwenu ikiwa asubuhi, nitarekebisha tarehe, niiruke siku ya safari yako na miaka yote iliyofuata, na kivinjari chenye adabu kitafungua ukurasa. Bibi Zenebech anaondoka Jumatatu kuja huko Winnipeg kumwangalia binti yake aliyejifungua, atakufikishia barua hii, pilipili ya berbere na kolo ya mkono wa mama. Kaa karibu na dirisha upate mwanga. Sema polepole, midomo ionekane. Habari ya Pasaka usihangaike nayo. Hajaitaja hata mara moja.

Mama anakusalimu sana. Msalimie Baba Mdogo Girma, na mbusu Natan kwa ajili yangu. Ababa anasema Mikaeli akutandazie mbawa zake njia nzima, kutoka kitandani mpaka kazini, na goti nalo aliguse akipita.

Wako akupendaye, ambaye Jumapili hiyo hatakwenda bandani,

Soliyana