Ofisi Yetu Inaelea, na Ninayetaka Kumdhamini Yuko Bandung

Shangazi Enid mpendwa, nimekwama na naomba unisaidie, na ukitaka kucheka basi cheka pembeni nisikusikie, maana hapa nilipo sina hata ngozi ya kuvumilia.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na minne, ninaishi kwenye boti nyembamba ya mferejini hapa Bonde la Calder, boti yenye jiko la kuni, kitanda na meza moja, na kwenye meza hiyo mimi na mwenzangu wa biashara Gethin, Mwelshi, tulianzisha kampuni mwaka juzi, kampuni ya watu wawili na birika la chai, inayotengeneza kifaa kidogo cha kusikiliza mabomba ya maji chini ya barabara, unakibandika kwenye bomba nacho kinakwambia maji yanavujia wapi kabla lami haijatitia. Kifaa chenyewe hakitusumbui, kinachotusumbua ni kuifundisha kompyuta kusikia, na sisi wawili hatukujua, tulikuwa tunabahatisha tu, mpaka tukakutana mtandaoni na Danu Wiratama, mhandisi wa maji kule Bandung, ambaye amezoea kutembea na kifaa cha kusikilizia masikioni na kujua bomba gani linaumwa.

Tangu hapo kila asubuhi, kwake ikiwa jioni, tunaongea, mimi nimekaa sakafuni na blanketi, ukungu umelala juu ya mfereji, bata wanagonga ubavu wa boti, na yeye ananichezea sauti alizorekodi na kuniambia, "Mbak Tamsin, fumba macho. Hilo la kwanza ni mto, usilijali. Sasa subiri... hapo! Umesikia? Kama mtu anataka kukwambia jambo halafu anaona haya." Mbak ni dada kwa lugha yao, ananiita hivyo kwa heshima, na mimi nafumba macho kweli, Shangazi, na nasikia, na simu ikikatika nabaki nimefumba macho vilevile hadi chai inapoa, na siku nzima nikitembea nahisi maji yanapita chini ya miguu yangu mtaa kwa mtaa.

Sasa shirika la maji la huku limekubali tufanye majaribio bonde zima masika haya, kwa sharti kwamba huyo anayeifundisha kompyuta awe hapa hapa, atembee nasi barabarani, na serikali haimpi mtu wa nje viza ya kazi ya namna hiyo mpaka mwajiri wake awe na leseni ya kumdhamini, kwa hiyo tukaomba leseni. Wakauliza ofisi yetu iko wapi. Shangazi, ofisi yetu haiko mahali, kibali chetu cha mferejini ni kile cha kuhamahama, kila baada ya wiki mbili lazima tung'oe kamba tusogee, leo tuko Sowerby Bridge, baadaye Hebden, tukichoka tunafika Todmorden. Basi nikaandika anwani ya duka la mikate la binamu yangu Philippa, pale ghorofani tunapopokelea barua, chumba cha magunia ya unga, na walipouliza kama shughuli zetu zinafanyika pale nikaandika ndiyo. Siku ile jua lilikuwa limeingia dirishani, mwanga wa maji unacheza darini, na kila kitu kilionekana kinawezekana, nikaona si uongo ni jambo ambalo bado tu halijatokea.

Juzi afisa wa uhamiaji alipiga simu, wanakuja Jumatano ijayo kuona Danu atakaa wapi na tutamsimamia vipi. Nilimwambia Gethin, wala hakushtuka.

"Tulia bwana. Tunaondoa magunia, tunapanga meza nne, tunaazima vijana wa timu ya kriketi wakae na laptopu wakunje nyuso. Uso ukikunjwa mbele ya kompyuta, nani atauliza kama ni kampuni?"

"Na wakiulizwa wanafanya kazi gani?"

"Siri ya biashara! Halafu Philippa awapitishie pai. Mdomo ukijaa hausemi."

Nilicheka hadi nikashika mbavu, kisha kicheko kikaisha, akanitazama akasema, "Hivi wewe, huyu Danu unamwajiri au unataka kuolewa naye?" Nikamwambia aache upuuzi wake wa Kiwelshi, na huku namwaga chai nje ya kikombe.

Shangazi, nampenda. Sijamwambia mtu, hata mama yangu ambaye namwambia kila kitu. Naota boti imepita milango ya mfereji yote bila mtu kuifungua, imetoka mlimani, imeingia kwenye barabara za Bandung zenye mvua, na yeye amesimama pembeni na masikio yake yale anasikiliza nikija. Sijui yeye anahisije. Jana alisema, "Mbak, ukiniambia leseni iko karibu, mwisho wa mwezi naaga kazini. Ibu, mama yangu, ameshaanza kunitafutia makoti." Nikamjibu iko karibu. Nilisema hivyo kwa sababu nilitaka kusikia akifurahi, na alifurahi.

Je, nipange meza za uongo nimpate, au niseme kweli nimkose? Na hili la moyo, nilifiche hadi afike?

Anayeelea, Bonde la Calder

SHANGAZI ENID ANAJIBU

Mwanangu, sikucheka. Nilisoma barua yako mara mbili, mara ya pili nimesimama dirishani natazama mvua inavyotelemka mlimani, na kwa kitambo nilisahau kwamba nina barua nyingine za kujibu. Una kipaji cha kumfanya mtu aote. Ndicho kilichokuponza.

Tuanze na hayo magunia. Wacha vijana wa kriketi wacheze kriketi. Wale maafisa wameona meza za kuazima nyingi kuliko pai alizooka Philippa, na wakiwakamata mnadanganya, leseni mtaisahau kwa muda mrefu, na jina la kampuni litachafuka kabla halijajulikana. Na yote ya nini? Kampuni changa hainyimwi leseni kwa kuwa changa! Watu wawili wanaweza kuipata. Mnachotakiwa kuonyesha ni kwamba biashara ni ya kweli, kazi ni ya kweli, mshahara ni ule unaostahili kazi hiyo, na yupo mtu anayejua mfanyakazi wake yuko wapi. Mna kandarasi ya majaribio mkononi, na wewe unahangaikia sura za watu mbele ya laptopu. Jamani!

Leo, siyo kesho, mpigie yule afisa. Mwambie ulikosea kuhusu shughuli kufanyika pale, mtajie boti, mweleze kibali chenu, kisha mfuatishe kwa maandishi. Huenda akakukasirikia, huenda mkaanza upya na masika yakapita. Utaishi. Halafu kodisheni meza kwenye kimojawapo cha viwanda vya zamani hapo bondeni, vimejaa kampuni za watu wawili wawili, au muombeni Philippa ahamishe unga wake kabisa, na mfanye kazi pale kweli, kila siku, mpende msipende. Bima ya mwajiri, akaunti ya benki ya kampuni, usajili wa kodi ya mishahara, nakala ya pasipoti ya Danu siku akifika, mahudhurio yake, vyote viwe mahali pamoja ambapo Gethin anaweza kuvifikia bila kupiga mbizi. Gharama za leseni ni zenu, msije mkamkata kijana wa watu mshahara. Na mkikwama popote, mtafuteni mwanasheria wa uhamiaji mwenye kibali.

Sasa hilo la pili, na hapa nakuvuta sikio.

Unajua udhamini ni nini, mwanangu? Akikosa kazini siku kadhaa bila taarifa, wewe ndiye unayemripoti serikalini. Ukimwachisha kazi, viza yake inafupishwa, anabaki na wiki chache za kutafuta mwajiri mwingine au kufunga mizigo. Sasa fikiri amefika, hana ndugu, baridi imemkaba, na jioni moja kwenye hiyo boti nzuri yenye jiko la kuni bosi wake anamshika mkono anamwambia nakupenda. Atasema nini? Atakuita Mbak, atatabasamu, na wewe utalala usingizi mtamu bila kujua kama alitabasamu kwa kupenda au kwa kuogopa. Maisha yako yote hutajua. Wala yeye huenda asijue.

Kwa hiyo usilifiche hadi afike. Huo ndio mtego wenyewe, na ungemtegea bila hata kukusudia. Gethin ndiye awe anayewajibika kwenye ile leseni, yeye asaini, yeye amsimamie Danu, yeye aamue mshahara na likizo yake, na amefanya mzaha vya kutosha sasa afanye kazi. Mwanasheria naye aambiwe, wazi, kwamba moyo wako umo humu.

Kisha mpigie Danu. Kwanza mwambie leseni haiko karibu, ulimdanganya, na asiage kazini hata kama mama yake ameshanunua makoti kumi, mpaka viza iwe mkononi mwake. Halafu mwambie unampenda, na kwamba kazi ni yake akikupenda na ni yake asipokupenda. Sisi watu wa bonde hili tunapenda kumwaga chai badala ya kusema, na mimi nimechoka kupokea barua za wamwaga chai.

Mwambie sasa hivi, angali nyumbani kwao na kazi yake anayo, ambako anaweza kukujibu hapana, akala chakula cha jioni na mama yake, na kesho akaamka akaenda kazini kama kawaida.