Makala za Babu Kupe

Tarehe 14 Julai. Miaka minne na ushei tangu niondoke nyumbani.

Kwa Baba mpendwa,

Shikamoo, Baba. Natumai barua hii itakukuta mzima, uvimbe wa miguu umepungua, na Mama naye hajambo. Mimi sijambo, ila mgongo tu. Barua ya dada niliipata. Anasema siku hizi unatafuta miwani huku umeivaa, nikacheka peke yangu kama mwehu. Halafu anasema kaka anakwambia kwamba nyumba aliijenga yeye, nawe unaitikia tu. Hapo sikucheka.

Uliuliza kazi yangu hasa ni nini. Nilikuja kubeba mizigo kwenye taasisi ya utafiti wa magonjwa ya mifugo. Mwaka jana wakanipa kisu, nikate migongo ya majarida ya kisayansi ili kurasa zipite kwenye skana, kisha makaratasi niyachome. Fundi wa kompyuta, mtu wa maskhara anayeniita Profesa Toroli, akaniketisha mbele ya kompyuta kuukuu aliyoiwekea mfumo wa kuiendesha uitwao Linux. Alisema Linux haidai leseni na inavumilia mashine zilizochoka, ndiyo maana ametuweka pamoja. Akanionyesha programu ya marejeo. Kila makala naiandikia mwandishi, kichwa, mwaka na jarida, na yote yanakaa katika faili moja. Ukitaka kujua mtu ameandika nini maishani mwake, unabonyeza tu, orodha inatoka.

Ghorofa ya chini alikuwapo mzee mstaafu tuliyemwita Babu Kupe, kwa sababu maisha yake yote alichunguza kupe. Mkurugenzi wetu ni binti yake wa kumzaa, na yeye pia huandika habari za kupe. Mstaafu huachiwa chumba chake cha kazi maadamu orodha inaonyesha kazi zake. Mzee alikishikilia chumba hicho kwa kucha, maana nyumbani kwa binti anaishi kama mgeni aliyepitiliza siku zake.

Basi majina katika faili yalikuwa vurugu tupu, mtu mmoja ameandikwa hivi hapa na vile pale. Fundi akanifundisha amri ya mstari mmoja. Unaiandika kwenye dirisha jeusi, na kila penye jina hili panakaa lile, faili zima, kufumba na kufumbua. Niliipenda amri ile kuliko mshahara. Sasa mzee na binti yake wana jina moja la ukoo, na majina yao ya kwanza yanaanza kwa herufi moja, na majarida ya zamani hayaandiki zaidi ya hapo. Nikadhani ni mtu mmoja. Nikabonyeza, na makala zote za mzee zikawa za binti.

Nilipogundua, nilikimbia kwa Mkurugenzi jasho likinitoka. Nikamwambia usijali, mama, faili la awali ninalo kwenye flashi. Aliitazama skrini, akasema mbona imependeza. Nikamkumbusha kwamba jina la mzee lingali ndani ya kurasa zenyewe zilizopita kwenye skana. Akaniuliza ni nani atakayezifungua. Kisha, kwa upole kabisa, akaniuliza kama bado naitaka ile likizo ya kuja nyumbani aliyoninyima. Akasema nikiifuta flashi, atatia sahihi.

Kamati inayoamua vyumba vya wastaafu ilipokaa, mimi ndiye niliyewapangia viti na kuwamiminia maji. Orodha ya Babu Kupe ilitoka tupu. Mjumbe mmoja akasema kumbe miaka yote hii mzee alikuwa anajikuna tu. Wakacheka, na binti akacheka nao mpaka akafuta machozi. Mzee akasema kazi zake zipo. Binti akamwambia mbele ya watu kwamba amesahau, zile ni za kwake yeye binti, baba alikuwa akimsomea rasimu tu. Baba, makala nyingine ziliandikwa binti huyo akiwa bado ananyonya, na hakuna mjumbe hata mmoja aliyetazama mwaka.

Baadaye mzee alikuja kwenye chumba ninachofanyia kazi, akaketi juu ya boksi. Akasema, kijana, makala hizi zote zimepita mikononi mwako, hebu niambie, ni zangu au ni za binti yangu? Hakuwa ananitega. Alikuwa hajui tena.

Hili sijamwambia mtu mwingine, Baba. Flashi ilikuwa mfukoni, naipapasa kwa vidole. Nikamwambia mzee kwamba mashine inasema ni za binti yake. Akanishukuru. Akasema afadhali, maana alishaanza kumdhania mtoto wake vibaya.

Nikaifuta flashi kabla sijapata nafasi ya kufikiri. Kesho yake nikavisukuma vitu vyake kwa toroli hadi getini, yeye akinifuata nyuma, akiniomba radhi kwa kunichosha. Jioni likizo ikatiwa sahihi.

Msalimie Mama, na dada mwambie nimeipata picha ya watoto. Kaka naye msalimie. Lakini akisema tena kwamba nyumba aliijenga yeye, usimwitikie. Uliijenga wewe, Baba, tangu msingi mpaka bati, mimi nikikubebea mawe. Hata ukisahau mengine yote, shikilia hilo tu mpaka nifike. Nakuja mwisho wa mwezi wa nane.

Ni mimi mwanao,
mbeba mawe wako